Barua za Wasomaji: Wayahudi wa New York humpimaje mgombea umeya?

SWALI: Mhariri, salaam. Hapa Ngamiani tunabishana. Mmoja wetu anasema Wayahudi wa New York huambiwa na marabi wao nani apewe umeya, nao humpa wote. Mwingine anasema ingekuwa hivyo, Zohran Mamdani asingeshinda 2025. Nani mkweli? (Msomaji, Ngamiani, Tanga)

JIBU: Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Sisi Meya wetu huchaguliwa na madiwani. Kule mwananchi humpigia kura mwenyewe, kwa hiyo mgombea huhesabu mtaa kwa mtaa. Wayahudi wa jiji hilo ni kama milioni moja, na hawana kauli moja.

Neno la rabi lina uzito Borough Park na Williamsburg, Brooklyn, kwa Wahasidi, Wayahudi washika dini sana wanaoishi kwa mila za zamani. Viongozi wao humwita mgombea wakamuuliza mambo ya nyumbani: ulinzi wa polisi kwenye masinagogi, nyumba za kutosha familia kubwa, na zaidi ya yote yeshiva, shule zao za dini. Sheria ya jimbo inadai Kiingereza na hesabu zifundishwe humo kwa kiwango kinacholingana na shule za serikali, na yeshiva kadhaa zimelaumiwa kwa kutofika hapo. Kisha hupima nani ana dalili za kushinda, maana ukimuunga mkono aliyeshindwa, miaka minne hutasikilizwa. Wengi wamejiandikisha Democratic hata kama urais humpa Republican: kura za maoni za chama hupigwa na waliojiandikisha tu, na mara nyingi Meya hupatikana hapo. Hata hivyo nao hugawanyika. Wasatmar, kundi kubwa la Wahasidi ambao kwa imani yao wanaupinga Uzayuni (harakati za taifa la Wayahudi), wana makundi mawili chini ya ndugu wawili.

Katika mitaa mingine, kama Upper West Side au Park Slope, kila mtu huamua mwenyewe. Kodi ya nyumba, shule na usafiri vinashindana na suala la Israel, na hapo wazee na vijana wengi hawaelewani. Usalama unawagusa wote. Wa mtaa wa Crown Heights, Brooklyn, hawajasahau ghasia za Agosti 1991, Wayahudi waliposhambuliwa, zilizomwandama Meya David Dinkins hadi akashindwa na Rudy Giuliani 1993.

Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ni mkosoaji mkali wa Israel. Wapiga kura waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba Wayahudi wengi walimpa mpinzani wake Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, lakini takriban theluthi moja walimpa Mamdani. Theluthi si kidogo. Anayesoma matokeo ya Borough Park peke yake akasema “Wayahudi wameamua” amekosea hesabu.

SWALI: Brad Lander ni Myahudi na aligombea dhidi ya Mamdani. Mbona waliombeana kura? (Msomaji, Chumbageni)

JIBU: Kwa sababu katika kura za maoni za Juni 2025 mpiga kura aliruhusiwa kupanga wagombea hadi watano. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho hutolewa na kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Kwa hiyo wafuasi wa Lander waliombwa wamweke Mamdani wa pili, na wa Mamdani vivyo hivyo kwa Lander. Myahudi aliyekuwa na mashaka na Mamdani alimsikia akidhaminiwa na mtu wa jamii yake. Wanaoharibu ni hawa: anayejaza jina moja safu zote tano, huhesabiwa mara moja tu; na anayeweka wawili nafasi ya kwanza, kura yake haihesabiwi. Novemba hakuna kupanga, unachagua mmoja.