Jibu: Kimeng'enya kimebadilishwa, pete bado ni za glukosi 7

Habari ndugu. Umebadilisha kimeng'enya cha Bacillus kinachogeuza wanga kuwa siklodekstrini (pete za glukosi), unataka pete za glukosi 8, bado zinatawala za 7. Kabla ya kugusa jeni tena, angalia muda. Kimeng'enya hiki hufungua pete zilezile kilizounda, kwa hiyo mseto wa pete wa kesho yake si ule wa mwanzo. Nilipoteza wiki kadhaa hapo, hadi nilipoanza kupima sampuli za dakika za mwanzo.

Kisha angalia tairosini 195, yaani asidi amino ya 195 ya kimeng'enya, iliyo katikati ya mfereji ambamo wanga hugeuzwa; mnyororo wa wanga huizunguka kabla ya kujifunga. Triptofani, asidi amino iliyo kubwa zaidi, ikikaa pale inaweza kuongeza pete za 8. Ila linganisha kwanza mfuatano wa asidi amino wa kimeng'enya chako, maana namba hutofautiana: kwa Bacillus ohbensis tairosini hiyo ni namba 188!