Maswali ya Wasomaji: Tari la Pizzica na Hatua Zake

SWALI: Shikamooni wahariri. Kikundi chetu hapa Dunda, Bagamoyo, kinajifunza pizzica, ngoma ya Salento, kusini mwa Italia. Tunatumia tari la hapa hapa nyumbani. Wimbo ukianza tuko sawa. Ukifika katikati mkono unakufa ganzi, mwendo unapotea na wachezaji wanajikwaa. Tunakosea wapi?

JIBU: Marahaba. Mnapiga kwa kiwiko. Mkono uliozoea ngoma kubwa hutafuta nguvu, lakini tari la pizzica hutaka kifundo cha mkono kilicholegea, kinachozunguka kama cha mtu anayefungua na kufunga kitasa. Lishike kwa kushoto, limesimama wima, ngozi ikielekea kiganja cha kulia. Pizzica ina mapigo makubwa mawili, na kila moja lina vipande vitatu: MOJA-mbili-tatu, MOJA-mbili-tatu. Mpangilio mmoja unaofaa kuanzia ni gumba, ncha za vidole, kitako cha kiganja. Mkono wa kushoto nao ulitikise tari kidogo, vibati visinyamaze.

Mkono ukichoka, kipande cha tatu ndicho humezwa kwanza. Kikimezwa, MOJA inayofuata inawahi, na mguu wa mchezaji uko bado hewani. Ndiyo maana wanajikwaa, msiwalaumu. Anzeni na mapigo makubwa 60 kwa dakika, dakika tano bila kusimama, kisha pandeni matano matano. Bega likianza kuinuka, rudini nyuma.

Ngozi ya mbuzi hulegea kwa unyevu wa bahari, hasa jioni. Ipasheni mbali kidogo na makaa huku mkilizungusha tari. Ikipashwa upande mmoja tu, hupasuka ukingoni.

Kuhusu miguu: pigo la kwanza uzito kulia, la pili kushoto, kwa mruko mdogo ulio karibu na ardhi. Anayeruka juu huchelewa kutua. Wawili hawashikani. Wanazungukana, wanasogeleana, wanaachana, na leso mkononi mwa mwanamke ndiyo huita au hukataa. Wapigaji na watazamaji hufanya duara, jozi moja ikitoka nyingine huingia. Mkijipanga mistari mkiwatazama watazamaji, mmeshaiua.

SWALI: Ni kweli pizzica ni dawa ya sumu ya buibui? Tuanguke jukwaani kama walioumwa? (Msomaji, Kaole)

JIBU: Hapo kuna mambo mawili, na ni vyema yasichanganywe. Ipo pizzica ya sherehe, ya watu wawili, ndiyo mnayojifunza. Na ilikuwapo ya uganga: mtu, mara nyingi mwanamke wa shambani, aliaminika kuumwa na buibui, na wapigaji walimjaribia nyimbo mpaka upatikane ule unaomwinua. Rangi za vitambaa nazo zilijaribiwa. Aliyewahi kuona ngoma ya pepo hapa pwani, ambapo kila pepo ana wimbo wake na nguo yake, hatahitaji maelezo marefu. Tarehe 29 Juni wagonjwa walikwenda kanisa dogo la Mtakatifu Paulo, katika mji wa Galatina, huko huko Salento. Ernesto de Martino, mtaalamu wa Kiitalia wa mila na desturi, alifika Salento na watafiti wenzake mwaka 1959, na katika kitabu chake cha 1961 alionyesha kwamba sumu peke yake haielezi jambo hili: ndani yake mlikuwa na huzuni na dhiki za maisha zilizopata njia ya kutoka. Kwa hiyo msianguke kwa kupamba onyesho. Yale yalikuwa mateso ya watu.

SWALI: Hatuna kinanda kile kidogo cha vitufe, organetto. Tufanyeje?

JIBU: Akodiani ya taarabu inatosha, ila mpigaji akate sauti fupi fupi, asizivute. Fidla ni bora zaidi: Luigi Stifani, kinyozi wa Nardò, aliwapigia wagonjwa hao kwa fidla.