Kabla Hujaandika Kwamba Haichekeshi

Msomaji mmoja ameniandikia kuhusu Murderbot, tamthilia ya vichekesho ya sayansi ya kubuni. Alitazama sehemu mbili za kwanza, hakucheka, akawatangazia marafiki zake usiku huohuo kwamba ni upuuzi mtupu. Sasa marafiki haohao wameimaliza, wameipenda, na wanamsuta. Anauliza afanyeje, kwa sababu yeye, kama mimi na kama wengi wenu mnaonifuata, anataka siku moja neno lake kuhusu tamthilia liaminiwe. Nimeona nimjibu hapa kwa kirefu, maana swali lake limenigusa kwenye kidonda cha zamani.

Ushauri wangu ni mmoja na nitaurudia mpaka mnichoke: tamthilia ya vichekesho iliyojengwa juu ya sayansi ya kubuni usiitolee hukumu kabla ya sehemu ya tatu. Ya tatu, jamani. Nimeishika kanuni hii kwa miaka na haijanitupa.

Sababu ni hii. Vichekesho vya kawaida vinakukuta tayari unaijua dunia yake. Unajua ofisi inavyoendeshwa, unajua jirani mkorofi ni mtu wa namna gani, kwa hiyo jambo likienda kombo unacheka papo hapo. Tamthilia ya anga za juu haina urahisi huo. Lazima kwanza ikufundishe chombo kinaendeshwaje, roboti inaruhusiwa kufanya nini, nani anamwogopa nani na kwa nini. Ukishazielewa kanuni hizo ndipo inazivunja, na hapo ndipo kicheko kilipo. Mtazamaji aliyekuwa akichezea simu wakati wa kufundishwa hana cha kucheka wakati wa kuvunjwa.

Chukua The Orville, tamthilia ya chombo cha anga za juu iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha televisheni cha Marekani, Fox, tarehe 10 Septemba 2017. Katika sehemu ya kwanza, kapteni Ed Mercer na wenzake wanafika kwenye kituo cha utafiti ambako kumebuniwa kifaa cha kuukimbiza muda. Tunaelezwa kinavyofanya kazi. Mtu mwenye haraka hapo anapiga miayo. Baadaye maadui zao, Wakrill, wanakitaka kifaa kwa nguvu, na wanapewa. Ila kimewekewa mbegu ya mti wa redwood, ile miti mirefu kupita yote duniani. Kifaa kinapowashwa, mti mzima unaota kwa kufumba na kufumbua na kuipasua meli ya adui kutoka ndani. Mimi nilisimamisha picha nikacheka peke yangu chumbani. Nilicheka kwa sababu nilikuwa nimesikiliza yale maelezo. Asiyesikiliza aliona mti umetokea, basi.

Sasa nieleze kidonda chenyewe. Wahakiki wa Marekani waliishukia The Orville vibaya sana. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na watazamaji, msimu wa kwanza uliambulia takriban asilimia 30 kwa wahakiki, huku watazamaji wa kawaida wakiupa zaidi ya asilimia 90. Pengo kama hilo halitokei bure. Seth MacFarlane, aliyeitunga na kuigiza kama kapteni, alikuwa anajulikana kwa katuni ya Family Guy, na matangazo yaliiuza kazi hii kama mzaha mwanzo hadi mwisho. Waliokuja kutafuta mzaha mtupu walikutana na kitu kingine, wakakasirika. Mimi niliitazama mpaka sehemu ya tatu, ile ya Bortus na Klyden. Hao wawili ni wa jamii inayojihesabu kuwa ya wanaume watupu, nao wanapata mtoto wa kike. Chombo kizima kinagawanyika kuhusu iwapo mtoto abadilishwe awe wa kiume, jambo linafikishwa mahakamani, na hukumu inayotolewa haimfurahishi mtazamaji hata kidogo. Nilikaa kimya baada ya ile sehemu. Nikajua kuwa tamthilia hii ina jambo la kusema na kwamba vichekesho ndiyo njia yake ya kuingilia mlangoni.

Nikaandika hivyohivyo. Wakati huo nilikuwa napeleka makala kwa chombo kimoja cha habari ambacho sitakitaja. Mhariri aliikataa. Aliniambia mbele ya wenzangu kwamba wakubwa wa fani wameshasema ni mbovu, sasa mimi ni nani wa kusema vinginevyo? Akamalizia kwa kusema sielewi vichekesho. Watu wakacheka. Baadhi yao walikuwa hawajaitazama hata dakika moja, na hilo ndilo lililoniuma kuliko kukataliwa. Nilirudi nyumbani nikaitoa makala mwenyewe, bila malipo, bila kubadilisha sentensi.

Msimu wa pili ulipotoka, wahakiki waligeuka wakaanza kuusifu. Msimu wa tatu ukaonyeshwa Hulu, huduma ya kutazama kwa mtandao, mwaka 2022, na hakukuwa tena na mtu wa kuniuliza mimi ni nani. Makala yangu ile bado inasomwa. Mhariri yule naye aliniomba ruhusa ya kuichapisha upya bila kuligusa lililopita hata kwa neno moja. Nilimpa. Siwezi kusema moyo ulikuwa mweupe nilipompa, lakini nilimpa.

Jambo hili lina historia ndefu, nitaipitia haraka. Red Dwarf, tamthilia ya vichekesho vya anga za juu ya Uingereza, ilianza BBC2 Februari 1988, na yule roboti mtumishi Kryten, ambaye leo mashabiki hawaifikirii tamthilia hiyo bila yeye, hakuwemo kabisa katika msimu wa kwanza. Alionekana katika msimu wa pili na kuwa wa kudumu kuanzia wa tatu, mwaka 1989. Aliyeihukumu kwa sehemu ya kwanza alihukumu kitu ambacho kilikuwa hakijakamilika. Futurama, katuni ya vichekesho kuhusu maisha ya siku zijazo, ilianza Fox Machi 1999, uonyeshaji wake huko ukakoma 2003, na waliookoa maisha yake ni watazamaji walionunua DVD na kutazama marudio, hata kituo cha Comedy Central ikaileta na sehemu mpya mwaka 2010, na Hulu tena 2023. Watazamaji wanaotulia wana nguvu kuliko wanavyodhani.

Turudi kwenye Murderbot, maana ndiyo iliyoleta swali. Ilianza kwenye huduma ya mtandaoni ya Apple TV+ Mei 2025, kutokana na vitabu vya Martha Wells. Mhusika wake, anayeigizwa na Alexander Skarsgård, ni mashine ya ulinzi iliyovunja kwa siri kidhibiti kinachoilazimisha kutii binadamu. Ingeweza kuua kila mtu. Badala yake inataka kuachwa kwa amani itazame tamthilia zake za mapenzi na vituko. Maoni ya watazamaji niliyoyasoma yamegawanyika makundi matatu: wasomaji wa vitabu waliolalamika kwamba mashine isiyo ya kike wala ya kiume imepewa mwanamume wa kuiigiza, waliolalamika kwamba sehemu ni fupi mno, karibu nusu saa tu, na zinakatika utamu ukikolea, na waliosema hawaoni kinachochekesha.

Hawa wa tatu ndio nataka kuwasaidia. Vichekesho vya Murderbot vipo katikati ya sauti mbili. Mdomoni ni mlinzi mtiifu. Kichwani, na ni sisi tu tunaosikia, inalalamika kuhusu hawa wanasayansi wanaotaka kuifanya rafiki. Inaogopa kutazamwa machoni kuliko inavyoogopa risasi. Tazameni mapema kabisa, mnyama mkubwa anapotoka ardhini na mwanasayansi mmoja akapigwa na bumbuwazi: Murderbot inafunua kofia yake ya chuma, inaonyesha uso, na kumtuliza kwa maneno iliyoyaokota kwenye tamthilia inayoipenda. Hakuna kicheko cha watu wa studio kukuonyesha pa kucheka. Utacheka tu ukiwa umeshaelewa kwamba uso huo ndicho kitu cha mwisho ambacho mashine hii ingetaka kuonyesha. Nami nasema kwa dhati, tamthilia inayomfanya mtazamaji wa tamthilia kuwa shujaa inatustahi sisi tunaokaa mbele ya kioo, na inastahili tuikalie kwa heshima hiyohiyo.

Kwa hiyo, wapendwa, tazama sehemu tatu. Weka simu mbali, hasa dakika ambazo unahisi unaelezwaelezwa, kwa sababu hapo ndipo mzaha wa baadaye unapandwa. Ukiandika, tenganisha mambo mawili: kwamba wewe hukucheka, na kwamba kazi ni mbovu. La kwanza ni habari yako, hakuna wa kukupinga. La pili ni madai, na madai yanahitaji mfano kutoka kwenye tukio, mazungumzo, au uigizaji. Usisome maoni ya wengine kabla hujaandika yako. Na utazame sehemu tatu, nimesharudia lakini najua wapo watakaoandika leo usiku baada ya moja. Tumekuwa watu wa kumkatiza mwenzetu kabla hajamaliza sentensi yake, kisha tunajisifu kwamba tumemwelewa. Waandishi na waigizaji wanatumia miaka kutengeneza kitu, sisi tunakitupa kabla hata hatujawajua wahusika kwa majina. Tuache.

Wewe uliyeniandikia, uliniuliza pia kama uyafute yale maneno yako ya usiku ule. Usiyafute. Yaache na tarehe yake, rudi uanze sehemu ya kwanza tena ukiwa umetulia, kisha andika mapya chini yake ukitaja sehemu na tukio lililokubadilisha. Na kama hukubadilika, taja lililokushinda, halafu nitumie nami niyasome.