Uliza Fundi: Meza imepasuka, kiti kinacheza, na mzee anasema nipake oili chafu

Mwezi huu barua zimejaa watu waliojitengenezea viti na meza za nje wenyewe, nadhani bei za viti vya pale Ngong Road zimewachosha, na karibu kila barua ina maneno yale yale, "nilifanya kila kitu vizuri lakini". Nimechukua nne zenye shida tofauti.

SWALI: Fundi habari. Mimi niko Kahawa West. Mwezi wa pili nilienda Gikomba nikanunua mbao za saiprasi 6x1, nikarudi nyumbani nikatengeneza meza ya nje siku hiyo hiyo. Nilizibana ubao kwa ubao hata karatasi haipiti, nikatia gundi na misumari, ikatoka safi mpaka wife akapiga picha akatuma kwa grupu ya familia. Saa hii kuna mianya kati ya mbao, mbili zimejikunja, na ile ya mwisho imepasuka kuanzia kwa msumari. Je, niliuziwa mbao mbovu?

JIBU: Kaka, mbao haikuwa mbovu, ilikuwa mbichi, na yule aliyekuuzia pengine hata hakukudanganya kwa sababu hukumuuliza. Saiprasi nyingi tunayonunua hapa mjini hupasuliwa leo na kesho kutwa iko yadi inauzwa, maji bado yako ndani. Ukiinua ubao kama huo utausikia mzito kuliko ulivyotarajia, na ukiuweka kwenye shavu ni wa baridi, hiyo ya shavu mafundi wazee wanaitumia sana.

Sasa maji yakitoka, ubao urefu wake karibu haubadiliki, unaopungua ni upana. Ubao wa inchi 6 unaweza kupoteza hadi karibu robo inchi, na meza yako ina mbao kadhaa, piga hesabu hapo. Ndio mianya hiyo. Kujikunja nako, chukua kipande ulichobakisha uangalie kichwani pale msumeno ulipokata, utaona mistari ya umri wa mti imepinda kama tabasamu. Mbao hupungua zaidi ikifuata mistari hiyo kuliko ikiikata, karibu mara mbili, kwa hivyo ikikauka mistari inajaribu kunyooka na ubao wote unaifuata. Ubao mpana ndio hujikunja zaidi, na mimi meza ya nje siwezi kuweka 8x1 hata nikipewa bure, 3x1 au 4x1 zinatulia.

Na ule uliopasuka usilaumu msumari peke yake. Ubao ulikuwa unataka kupungua, upande mmoja umeshikwa na gundi, upande mwingine umeshikwa na misumari, hauna pa kwenda, basi ukaachia pale pale palipokuwa dhaifu, yaani kwenye tundu la msumari karibu na kichwa. Karibu na mwisho wa ubao lazima utoboe kwanza na drili, tundu jembamba kuliko skrubu, hata kama unaona ni kupoteza wakati.

Usiitupe hiyo meza. Fungua mbao za juu polepole, ukitumia nguvu pale kwenye gundi utaharibu zaidi, kisha zipange mahali penye kivuli na upepo, katikati ya kila ubao na mwenzake weka vijiti vya unene mmoja, juu mabati ya kuzuia mvua. Usifunike na nailoni, itaotesha ukungu. Ubao wa inchi moja mpe miezi miwili mitatu. Kama unataka uhakika chukua kipande kimoja, kipime kila wiki kwa mzani wa duka la jirani, uzito ukiacha kushuka ujue imekauka. Piga randa, rudisha kwa skrubu bila kutia gundi kati ya ubao na ubao, na acha nafasi ya penseli kati yao. Watu wengi hawapendi hiyo nafasi, wanasema makombo yanaanguka chini. Yaanguke tu, maji pia yanahitaji pa kuangukia.

SWALI: Niko Umoja. Nimetengeneza kiti cha kukaa kwa balkoni kikawa kinacheza, nikakata mguu mmoja kidogo, kikacheza upande ule mwingine, nikakata tena, saa hii ni kiti cha mtoto. Nicheke ama nilie?

JIBU: Dada, cheka kwanza halafu upatie mtoto kiti chake.

Kabla hujagusa msumeno tena, kagua sakafu. Balkoni na veranda nyingi zimemwagwa na mteremko kidogo ili maji yatoke, kwa hivyo kiti sawa kabisa kinaweza kucheza hapo na kosa si lako. Kipeleke ndani kwa tailzi, au juu ya plaiwudi iliyonyooka. Kikicheza hata hapo, weka vipande vya kadibodi chini ya mguu mfupi mpaka pima maji ikuambie sehemu ya kukalia iko sawa, sasa chukua kijiti kidogo, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake, na uzungushe hivyo hivyo kila mguu, yote minne, penseli ikiwa kimo kile kile. Kata kwa mistari hiyo. Umekata mara moja, umemaliza.

Kile kijacho ukiwa bado unaunga fremu, pima kona kwa kona, halafu kona zile zingine mbili. Vipimo vikilingana fremu ni mraba, visipolingana sukuma ile kona ndefu kabla gundi haijashika. Sehemu ya kukalia iwe kama inchi 17 kutoka chini, na kama utaweka mto upime na mto ukiwa umekaliwa, hapo ndipo wengi wanateleza.

SWALI: Fundi, niko Utawala, nilitengeneza benchi nikatumia zile skrubu za njano na vanishi ya kung'aa. Masika moja tu, skrubu zimeshika kutu, kuna michirizi myeusi, vanishi inabanduka kama ngozi, na miguu chini imeanza kuwa laini. Mzee wangu anasema ningepaka oili chafu tangu mwanzo. Ni kweli?

JIBU: Mwambie mzee shikamoo na umwambie kwa nguzo za fensi tunaelewana, kwa benchi hapana. Oili chafu haikauki vizuri, itachafua suruali za wageni, na imebeba mabaki ya vyuma na sumu kutoka kwa injini, si kitu cha mtoto kukalia akiwa na kaptula.

Skrubu za njano ni za ndani ya nyumba, ile rangi ni ngozi nyembamba tu ya zinki. Nje nunua za galvanaizi au stenlesi, ni ghali, lakini hesabu na bei ya kufungua benchi upya. Vanishi ya ndani nayo jua la Nairobi haliiachi, tuko karibu na ikweta na juu kiasi cha mita 1,700, miale ni mikali, vanishi inakakamaa inapasuka na maji yanaingia chini yake yanakwama. Kwa saiprasi mimi napendelea rangi ya mafuta ya nje, rangi yenyewe inaziba jua. Ukitaka mbao ionekane, paka mafuta ya linsidi yaliyochemshwa (yale ya dukani yanayoitwa boiled linseed oil, usichemshe mwenyewe) na urudie kila mwaka kabla ya mvua, ila vitambaa ulivyopakia usivikunje ukavitupa kwa pipa, vinaweza kujiwasha moto vyenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje vikauke.

Miguu kuwa laini ni kwa sababu mbao hunywa maji kwa kichwa kuliko ubavuni, na wewe umeisimamisha kwa nyasi. Kata sehemu iliyooza, tia rangi kwenye vifuniko vya mkebe, simamisha kila mguu ndani yake usiku mzima inywe rangi badala ya maji. Halafu weka benchi kwa cabro au slabu, si kwa udongo, mchwa wa Utawala nawajua.

SWALI: Nimepata paleti za bei nafuu Industrial Area. Ni salama kutengeneza kochi la nje? (Kasarani)

JIBU: Angalia ubavuni kama kuna muhuri uliochomwa au kupigwa wino wenye picha ya suke la ngano. Ukiona herufi HT, ilitibiwa kwa joto, chukua. Ukiona MB ilipigwa gesi ya methili bromaidi, iache hapo hapo. Isiyo na muhuri muulize muuzaji ilikuwa imebeba nini, na kama ina madoa au harufu ya dawa usiibebe hata kwa kuni. Na HT maana yake wadudu wamekufa tu, mvua bado itaioza, kwa hivyo rangi na miguu ni kama nilivyomwambia mwenzako wa Utawala.