Mwanangu, kura ya chama kidogo haipotei

Mwanangu mpendwa,

Sote tu wazima huku. Umeniuliza kama utaitupa kura yako katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 2027 ukimpigia mgombea wa chama kidogo, maana wenzako kazini wanakushangaa. Mimi nasema hutaitupa, na kwenye karatasi ya rais ndiko ina nguvu zaidi.

Hofu ya wenzako ina chanzo. Mwaka 1992 Rais Moi alishinda kwa takriban asilimia 36 tu, kwa kuwa Matiba, Kibaki na Jaramogi waligawana kura za upinzani. Mwaka 1997 mambo yakawa yale yale. Wakati huo aliyetangulia ndiye aliyeapishwa, mradi awe na robo ya kura katika mikoa mitano. Tuliumia sana, na uchungu huo tukawarithisha nyinyi.

Katiba ya 2010 iligeuza hesabu. Sasa rais lazima avuke nusu ya kura zilizopigwa, la sivyo kuna duru ya pili. Mwaka 2013 Uhuru Kenyatta alitangazwa kwa asilimia 50.07, yaani alivuka kwa kura elfu nane na kidogo. Mwalimu Abduba Dida, ambaye watu hawakumpa nafasi yoyote, peke yake alikuwa na zaidi ya 52,000. Mwaka 2022 Ruto alivuka kwa chini ya 70,000, huku Wajackoyah na Mwaure kwa pamoja wakiwa na karibu 94,000. Kila kura anayopata mdogo inampandishia mkubwa kizingiti. Akikwama, itambidi arudi kuwabembeleza watu kama wewe, na hapo madai yenu yatasikika.

Zile karatasi nyingine tano, za gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, mwenye kura nyingi huchukua kiti. Kwa ugavana na useneta, pima kwanza kama mgombea wako ana nafasi ya kushinda. Kwa wadi usiogope kabisa: mtu anayejulikana kijijini hushinda kwa kura elfu chache, awe na chama kikubwa au asiwe nacho.

Ila kichunguze chama chenyewe. Viko vya mfukoni, vinavyoamka baada ya mchujo kuwauzia tiketi walioangushwa kwingine. Uliza kama kina ofisi katika kaunti yenu, na kilisema nini bei ya unga ilipopanda. Kama kilinyamaza, kiache.

Mwaka 1997 nilimpigia Charity Ngilu wa chama kidogo cha SDP, aliyewania urais. Akawa wa tano, na majirani wakaniambia nimeipoteza kura. Miaka mitano baadaye alikuwa miongoni mwa vinara wa NARC, muungano ulioshinda uchaguzi wa 2002, kisha akawa Waziri wa Afya. Naamini asingekuwa na uzito huo bila kura zetu.

Na jambo moja la haraka: bado umeandikishwa hapa nyumbani. Nenda ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya hapo ulipo ukahamishe kituo kabla sajili haijafungwa.

Mama yako