Maswali ya maticha: vya bure mtandaoni, na bando je?

Toka niwaulize mnatumia zana gani za mtandaoni darasani, simu yangu haijapumzika. Meseji zimetoka Sengerema, Kwimba, Ilemela mpaka visiwani huko, na karibu wote mnalia kitu kimoja, kwamba tunaambiwa vitu ni bure lakini bando tunanunua wenyewe kwenye mshahara huu huu. Ni kweli na inaniuma, maana nimesimama ubaoni miaka mingi kabla sijahamia kuandika hapa. Kwa hiyo leo nimependelea vile vitu ambavyo unavuta mara moja ukiwa mjini au usiku bando likiwa rahisi, alafu unavitumia hata kama mtandao haupo. Pale ambapo lazima uwe na intaneti nitakwambia.

Shikamoo dada. Nafundisha fizikia sekondari moja huku Ukerewe. Maabara tunayo jengo tu, balbu na amita za kupimia mkondo wa umeme hazitoshi hata kundi moja, na mtandao unashika ukipanda juu ya mawe nyuma ya shule. Nina laptopu yangu na kishikwambi. Form Two umeme hawaelewi kabisa, nifanyeje? – Mwalimu wa visiwani

Marahaba mdogo wangu. Wewe nenda moja kwa moja PhET, ni mkusanyiko wa majaribio ya sayansi na hesabu ya kwenye kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani. Aliyeianzisha mwaka 2002 ni Carl Wieman, ambaye mwaka mmoja nyuma yake alikuwa amepata tuzo ya Nobeli ya fizikia, kwa hiyo sio kazi ya kubahatisha. Ni bure kabisa, na kwako wewe uzuri mkubwa ni kwamba kila jaribio unaweza kulidaunlodi likakaa kwenye laptopu kama faili moja, ukilibofya linafunguka kwenye brauza bila intaneti. Siku ukivuka kuja Mwanza chukua yale unayohitaji kwa muhula mzima uyaweke kwenye fleshi. Chukua haya mapya ya HTML5, yale ya zamani ya Java yanasumbua achana nayo.

La umeme linaitwa Circuit Construction Kit: DC. Nikueleze nilivyolitumia mwenyewe. Usianze kwa kuwaonyesha, anza kwa kuwauliza. Chora ubaoni betri moja na balbu mbili zinazofuatana, uliza balbu ipi itawaka zaidi. Nakuhakikishia nusu ya darasa watasema ya kwanza, kwa sababu umeme unaifikia kwanza na ya pili inapata mabaki. Waandike jibu kwenye daftari kwa peni, wasifute. Sasa ndo ufungue laptopu, weka betri ya volti 9 na balbu moja ya om 10, amita itasoma ampea 0.9. Ongeza balbu ya pili kwa mfuatano, zote mbili zinafifia sawasawa, amita inashuka mpaka 0.45, alafu hamisha amita uiweke kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, kote ni 0.45 ile ile. Hapo utasikia darasa limenyamaza, kila mtu anaangalia alichoandika kwa peni. Ule ukimya ndo somo lenyewe, usiukatishe kwa kuanza kueleza haraka.

Alafu watoto wako ni wa ziwani, tumia hiyo. Wavuvi wa dagaa wengi saivi wameacha karabai wanatumia taa za betri, na kila mtoto hapo ameziona. Waulize mbona taa moja ikiungua kwenye mtumbwi zingine zinaendelea kuwaka? Wape waunganishe kwenye laptopu mpaka wapate sakiti inayofanya hivyo, watafika wenyewe kwenye sambamba, yaani kila taa ina njia yake ya kwenda kwenye betri. Balbu zile zile mbili zikiwa sambamba kila moja inapata 0.9 yake na betri inatoa 1.8, wataelewa pia kwanini betri linaisha mapema ukiongeza taa.

Projekta hauna najua. Gawa makundi ya watu wanane, kila kundi dakika tano kwenye laptopu, wengine wakati huo wanafanya swali kwenye daftari. Na tafadhali hata ukiwa na PhET tafuta betri mbili za tochi, balbu ya tochi na kipande cha waya, wamalize kwa kushika kitu halisi, maana kwenye kompyuta waya haulegei na betri halichoki, na mtihani wa vitendo unawangoja na vifaa vya kweli.

Dada naomba kuuliza, kuna tovuti imeniambia ni bure siku 14 ila niweke namba za kadi ya benki. Niweke? Tena inataka orodha ya wanafunzi na tarehe zao za kuzaliwa. – Mwalimu, Buhongwa

Usiweke! Hiyo ya siku 14 sio bure, ni biashara, siku ya 15 wanakata na kuwapata uwalalamikie ni shughuli. Yalinikuta, nikakatwa miezi miwili kwa kitu nilichofungua mara moja tu. Kitu cha bure kwa mwalimu kinaomba barua pepe basi, na vingine hata hiyo hakiombi.

Kuhusu majina na tarehe za kuzaliwa nakuomba uwe mkali kuliko hata kwenye hela. Hao ni watoto wa watu. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, taarifa za mtoto sio zako kuzigawa. Tumia namba za daftari la mahudhurio, au namba ya dawati kama nitakavyoeleza hapa chini.

Habari za kazi Ticha. Darasa langu la tano lina watoto 96, shule ya msingi Igoma. Nikiuliza swali wanaonyoosha mikono ni wale wale sita. Nimeona wazungu wanacheza maswali na simu darasani lakini wanangu hawana simu na haziruhusiwi. Kuna njia? – Mama wa 96

Ipo mama, na inatumia simu moja tu, yako. Inaitwa Plickers. Unaingia kwenye tovuti yao unafungua akaunti ya bure, unaprinti kadi. Kila kadi ina mchoro mweusi wa mraba usiofanana na mwingine, na pande zake nne zina herufi ndogo A, B, C na D. Unauliza swali la kuchagua, mtoto anageuza kadi ili jibu lake liwe juu, ananyanyua. Wewe unasimama mbele unapitisha kamera ya simu taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, simu inasoma kadi zote na kukwambia nani kapata nani kakosa. Jirani hawezi kuibia kwa urahisi maana herufi ni ndogo na kila kadi mchoro wake umekaa tofauti, na yule mtoto wa nyuma asiyenyooshaga mkono safari hii amejibu.

Sasa 96 ni wengi, kadi zao za kawaida ni 40. Fanya hivi, kama dawati moja wanakaa watatu basi wape kadi moja kwa dawati, zinakuwa kadi 32, na kabla ya kunyanyua wape dakika moja wabishane. Mimi naona hii ni bora kuliko kadi ya kila mtu, kwa sababu yule anayejua inabidi awaeleze wenzake kwa maneno ya kitoto ambayo wewe huna. Kwenye akaunti andika Dawati 1, Dawati 2, majina hayahitajiki.

Kadi zinakuja mbili kwenye karatasi ya A4, kwa hiyo ni karatasi 16 nyeusi na nyeupe pale stesheneri. Gundisha kwenye boksi gumu zisikunjike. Usizipeleke kwenye ile mashine ya plastiki inayong'aa, mwanga wa dirishani ukipiga kamera haisomi. Hii inataka intaneti kwenye simu wakati wa kipindi lakini inakula MB kidogo, sio kama vidio.

Niambie apu moja tu ya hesabu, Form Four wangu wanafeli vibaya. – Kirumba

Kabla ya apu nina kitu ambacho walimu wengi hatukisomi na kipo bure kwenye tovuti ya NECTA, Baraza la Mitihani la Tanzania. Achana na matokeo na mitihani iliyopita ambayo kila mtu anaijua, tafuta ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa. Wanachukua mtihani swali kwa swali, wanaonyesha asilimia ngapi walipata na wangapi waliboronga, alafu wanaweka picha ya jibu zuri na jibu baya kwa mwandiko wa mtahiniwa mwenyewe. Yaani unaona kabisa mtoto alikosea mstari wa pili akabeba kosa mpaka mwisho. Daunlodi ya hesabu ya miaka mitatu, kaa nayo jumamosi moja, utakuta makosa yanajirudia yale yale, na utayakuta pia kwenye madaftari yaliyopo mezani kwako. Wape wanafunzi lile jibu baya ubaoni walisahihishe wao. Nimeona darasa lililokuwa limekata tamaa likichangamka kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa wao ndo wasahihishaji.

Apu sasa, kama unataka moja, GeoGebra. Aliianzisha Markus Hohenwarter kule Salzburg, Austria, mwaka 2001. Ukishaiweka kwenye simu michoro inafanya kazi bila intaneti. Andika y = ax², alafu buruta ile namba a kwa kidole, ikikua mchoro unabana, ikisogea kwenye sifuri unatanuka, ikivuka kwenda hasi unapinduka chini. Dakika tatu, na kabla ya hapo ningemaliza vipindi viwili nachora kwa chaki.

Ticha hii akili mnemba ya kuandika maswali na maandalio ya somo unaionaje? – Nyegezi

Naitumia, ila kama msaidizi mgeni asiyejua shule yetu. Kupanga muda wa kipindi, kunipa majibu ya uongo yanayofanana na kweli kwa swali la kuchagua, kurahisisha aya ngumu, hapo iko vizuri na inaokoa usiku mzima. Kwa mambo ya hapa kwetu usiiamini hata kidogo. Mtambo mmoja wa aina hiyo uliniandikia kwa ujasiri kabisa kwamba Ukerewe ipo Ziwa Tanganyika! Fikiria ningeipeleka hiyo darasani hapa Mwanza. Kila inachosema kiweke pembeni ya kitabu cha kiada, na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vipo kwenye Maktaba Mtandao yao unasoma bure, huna kisingizio. Tena angalia unafundisha mtaala upi, kwa sababu mtaala mpya ulianza 2024 kwa baadhi ya madarasa na mtambo unaweza kukuchanganyia wa zamani na mpya bila kukwambia.

Mwangaluka dada! Nipo Magu, darasa la pili. Nyumbani watoto wanaongea Kisukuma, Kiswahili wanakutana nacho kwangu. Vitabu vya hadithi shule nzima ni vichache na vimechanika. Wameshavikariri, wanasoma huku wanaangalia dirishani. Nitapata wapi vingine bila hela? – Mwalimu wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu)

Mwangaluka mwalimu wangu. Hilo la kusoma huku wanaangalia dirishani nimelicheka alafu nikahuzunika, maana ndo dalili kwamba hawasomi, wanaimba.

Fungua African Storybook, ni kazi ya shirika la Saide la Afrika Kusini, ipo tangu 2014. Kuna hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika na Kiswahili kimo, zimepangwa kwa ngazi kuanzia neno moja kwa ukurasa. Leseni yake ni huria, maana ake unaruhusiwa kuprinti, kutoa kopi, kutafsiri, hata kubadilisha, bila kumuomba mtu. Wana apu ya kusomea pia, ukishadaunlodi hadithi inabaki kwenye simu au kishikwambi. Chagua kumi tu za ngazi ya chini, printi... hapana, usiprinti zote kwa mpigo, anza na mbili, kopi sita sita za kila moja, shona kwa uzi katikati zikae mwaka. Zikianza kukaririwa leta mbili zingine.

Alafu kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hiyo tovuti, unaweza kutunga ya kwako ukatumia picha zilizomo. Kaa na watoto chini ya mti, waambie wakusimulie jana nyumbani walifanya nini. Mmoja atasema bibi alianika dagaa, ndege akaja. Andika hivyo hivyo, kwa Kiswahili chepesi, sentensi moja ukurasa mmoja, Bibi ameanika dagaa. Ndege amekuja. Bibi amekimbia na fagio. Akisema kwa Kisukuma mpokee, ulizia wenzake Kiswahili chake ni nini, andika. Mtoto akiona sentensi yake imeprintiwa na jina la darasa lao juu hataangalia dirishani, atataka kuonyesha kila mtu mstari wake uko wapi. Mkiimaliza nitumie, nina mjukuu wa miaka saba hapa nyumbani anayependa sana habari za ndege na bibi.