Piga makofi kwanza, ndipo ununue sofa

Mhariri, swali lenu la juma hili linauliza: nyumba ya kisasa yenye marumaru, dari ya jipsamu na madirisha makubwa ya aluminiamu itafanywaje iwe na uchangamfu na ifanane na wenyewe? Wengi watajibu kwa rangi na fanicha. Jibu langu linaanzia kwenye sikio.

Simama katikati ya sebule ikiwa tupu, upige makofi mara moja, kwa nguvu. Ukisikia sauti ikirukaruka kati ya kuta kama bati linalotikiswa kwa mbali, ugonjwa umeupata. Marumaru, kioo, jipsamu na ukuta uliopigwa skimu vyote ni vigumu tena laini: havili sauti, vinairudisha. Watu wawili wakizungumza, mwangwi wa neno la kwanza unalikuta la pili, kwa hiyo kila mmoja anapandisha sauti, runinga nayo inapandishwa, na baada ya muda vichwa vinachoka na watu wanahamia uani bila kujua wamefukuzwa na nini. Inauma kuona familia iliyojinyima miaka mingi, ikinunua mfuko mmojammoja wa saruji, inaishia kukaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya nyumba huku sebule ikiwangoja wageni.

Fanya hesabu. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye kimo cha mita 3 kina mita za mraba 94 za nyuso ngumu: sakafu 20, dari 20, kuta 54. Lenga kufunika kama robo yake kwa vitu vinavyokula sauti. Zulia nene la mita 2 kwa 3 limekupa 6. Sofa za kitambaa zinasaidia sana kuliko za ngozi bandia. Rafu ya vitabu isiyo na milango inaivunjavunja sauti hata pale isipoila. Mkeka ndipo wengi wanapokosea. Mkeka wa ukili ni mzuri kwa jicho na kwa unyayo, lakini ni mwembamba. Ukitandikwa peke yake juu ya marumaru haubadilishi kitu cha maana masikioni. Tandika kwanza mpira wa kuzuia utelezi, juu yake blanketi zito lililokunjwa mara moja, ndipo mkeka.

Kazi kubwa kuliko zote inafanywa na mapazia, ikiwa yameshonwa sawasawa. Pazia lenye upana uleule wa dirisha ni shuka lililotundikwa tu. Kwa dirisha la mita 2, fimbo iwe ya mita 2.4, yaani sm 20 za ziada kila upande, na kitambaa kiwe mara mbili hadi mbili na nusu ya fimbo: mita 4.8 hadi 6. Fimbo ikae sm 10 hadi 15 juu ya fremu, na pazia liishie sm 1 kutoka sakafuni. Zile sm 20 za pembeni zina sababu. Dirisha la kusukuma la vioo viwili hufunguka nusu tu. Pazia zito likirundikana mbele ya nusu hiyo, upepo umekatika na chumba kinakuwa tanuri. Pazia likiweza kusukumwa hadi ukutani, kioo kinabaki wazi. Kama kitambaa ni cha pamba, kifue na kukianika kabla ya kukikata, la sivyo mapazia yatarudi juu baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Sasa taa. Soma boksi la balbu: kuna namba yenye herufi K. Balbu nyingi zinazouzwa zina 6500K, mwanga mweupe wenye ubuluu, unaofaa duka la dawa. Sebuleni na vyumbani tumia 2700K hadi 3000K, mwanga wenye umanjano, na usichanganye namba mbili katika chumba kimoja, maana jicho litaona uso wa mtu mmoja una afya na wa jirani yake ni mgonjwa. Jikoni, juu ya meza ya kukatia, 4000K inafaa. Tazama pia namba ya Ra: ikiwa 90 au zaidi, ngozi za watu na mbao za mninga zitaonekana kwa rangi zake halisi.

Kosa la pili ni kuweka mwanga wote darini. Dari yenye taa 12 zilizozamishwa humulika utosi wa kila mtu na kutia kivuli machoni. Acha taa 4 kwa ajili ya kufagia na kusaka kilichopotea, halafu weka sehemu tatu za mwanga wa chini: taa ya mezani, taa ya kusimama, na moja ya kumulika ukuta. Wati 5 hadi 7 za LED kwa kila moja zinatosha. Ukingo wa chini wa kofia ya taa uwe usawa wa macho ya aliyekaa, sm 100 hadi 110 kutoka sakafuni, ili balbu isimchome mtu macho. Taa ya kuning'inia juu ya meza ya chakula ikae sm 70 hadi 75 juu ya meza. Ukitaka swichi ya kupunguza mwanga, nunua balbu iliyoandikwa kwamba inakubali kupunguzwa. Nyingine zitapepesa na kufa mapema. Zile nyuzi za taa za kijani na zambarau zilizofichwa kwenye ngazi za jipsamu, zibadilishe kwa za 3000K. Ngazi zilezile zitapendeza mno.

Sofa zinatuleta kwenye somo la kale. Katika nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Unguja, vyumba ni vyembamba, mita 2.5 hadi 3 hivi, kwa sababu upana uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Kwa kikomo hicho cha ujenzi, watu walikaa kwa umbali wa kusikilizana bila kupaza sauti. Sebule ya leo ina mita 6, na sofa zimebandikwa kwenye kuta nne kama ukumbi wa kusubiria daktari. Zivute. Kati ya uso na uso pasizidi mita 2.5, kati ya meza na ukingo wa sofa sm 40 hadi 45, na njia ya kupita sm 80 hadi 90. Eneo litakalobaki nyuma ya sofa halijapotea. Hapo ndipo pa rafu, au pa meza ndogo ya mtoto kuandikia.

Kuta. Rangi ya plastiki inayong'aa inamulika kama sahani. Ukuta mmoja wa chokaa unatosha kukibadilisha chumba, kwa sababu chokaa haina rangi moja iliyolala. Ina mawingumawingu, na mkono wa mpakaji unaonekana. Kwanza jaribu ukuta kwa maji. Yakinyonywa, unafaa. Yakitiririka, kuna rangi ya plastiki. Ikwangue hadi kwenye plasta, maana chokaa juu ya plastiki itabanduka kama maganda. Loweka kilo 5 za chokaa ya mfuko kwenye lita 15 hadi 20 za maji usiku kucha, uchuje kwa kitambaa. Ukitaka rangi, tumia unga wa oksaidi ya chuma, usizidi nusu kilo kwa kilo hizo 5. Ukizidisha, ukuta utaacha vumbi kwenye nguo. Korogea ndoo moja kwa ukuta mzima, kwa sababu ndoo ya pili haitalingana na ya kwanza. Lowesha ukuta, paka kwa brashi pana, mapigo ya brashi yakipishana, uji mwepesi kama maziwa, safu moja kwa siku, safu 3 hadi 5. Safu nzito hupasuka. Usiogope ikionekana imekoza, ikikauka itafifia sana. Vaa miwani na glavu, chokaa huunguza. Na funika fremu za madirisha kwa nailoni, kwa sababu chokaa mbichi hula aluminiamu na kuiachia madoa yasiyotoka.

Vitu vya familia vinahitaji mahali palipojengwa kwa ajili yake. Wenzetu wa Lamu walikuwa na zidaka, vishubaka vilivyopangwa ukutani katika chumba cha ndani, vikiwekwa vyombo vya kauri. Usijaribu kuvichimba kwenye ukuta wa tofali la inchi 6: ukitoa sm 10 umebakiza sm 5, na huenda ukakata bomba la nyaya. Jenga ukuta wa pili mbele yake, kwa fremu ya mbao za 2 kwa 4 zilizotiwa dawa ya mchwa, kisha jipsamu. Mbao hiyo inakupa kina cha karibu sm 10. Kila kidaka kiwe na upana wa sm 30 na kimo cha sm 40, ndani papakwe rangi iliyokoza kidogo kuliko nje. Weka mrashi, kawa, kikombe cha kahawa cha babu. Chetezo kikae humo kikiwa kimezimwa tu. Makaa yataunguza karatasi ya jipsamu.

Picha za familia zipangwe pamoja, si moja kila ukuta. Kitovu cha kundi kiwe sm 145 hadi 150 kutoka sakafuni, na nafasi kati ya fremu sm 5 hadi 7. Kanga ya marehemu bibi isikatwe mito. Kanga ina pindo, mji na jina. Mkasi ukipita kwenye jina, maneno yamekufa. Itie yote kwenye fremu, mbali na jua la dirishani. Kama ni kanga mpya ya sm 150 kwa 110 hivi, inatoa vipande 6 vya sm 48, yaani mito 3 ya sm 45. Pima jina lilipo kwanza, halafu ndipo uchore.

La mwisho ni la nje, nalo ndilo ramani nyingi mpya zimelisahau: baraza. Kati ya geti na mlango hakuna pa kukaa, kwa hiyo jirani ama aingie hadi sebuleni ama asimame. Jenga kwa tofali kando ya mlango, chini ya paa: kimo sm 42 hadi 45, kina sm 55, urefu mita 1.8 au zaidi. Chimba msingi wa sm 30, weka nailoni nzito juu yake kuzuia unyevu usipande, na acha ufa wa sm 1 kati ya baraza na ukuta wa nyumba, maana vitu viwili vilivyojengwa nyakati mbili havizami pamoja. Ukivishikamanisha, plasta itapasuka. Uso wa juu uinamie nje kwa sm 1 ili maji ya mvua yasilale. Usiweke marumaru ya kung'aa. Huteleza yakilowa. Piga nili, yaani saruji iliyolainishwa, viringisha kona za mbele kwa mwiko ili zisiume mapaja, na uimwagilie maji asubuhi na jioni kwa siku 7 kabla ya kuruhusu mtu yeyote kukalia.